Meno ya kahawia ya dada wa Sake, na swali nililopaswa kuuliza kwanza

Nianze na kosa langu mimi mwenyewe. Ilikuwa 2024, Alhamisi jioni, nimechoka, huyu dada wa miaka 21 akaingia kwa kabine ameshika kitambaa mdomoni kama mtu wa mafua, akakaa kwa kiti, akashusha kitambaa kidogo tu, nikaona yale meno ya mbele ya kahawia na bila hata kumsalimia vizuri nikauliza: “Unapiga brosi mara ngapi kwa siku?” Akafunga mdomo. Basi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli unaodondosha maji, njo akajibu yeye: “Docta, huyu anapiga brosi mpaka damu inatoka. Mara tatu. Hata usiku mi namusikiaka.”

Kila mtu wa kazi ya meno hapa Goma, mashariki ya Kongo, anajua kahawia ya huku mara nyingi haina uhusiano na uchafu, na mimi najua, lakini ulimi ulitangulia. Ikabidi niombe msamaha kwa mama na kwa binti, niongeleshe mambo ya mvua na barabara, dakika kama ishirini zikapita ndo akafungua mdomo tena. Jina lake siandiki, picha siweki. Kisa ameniruhusu nikieleze kwa sharti moja, nitalifikia.

Alichopitia kabla ya kufika kwangu ni kirefu. Shuleni primere walimwita Tumbako. Kwaya anaimba mstari wa nyuma, si juu ya sauti, juu ya meno. Miaka mitatu alikuwa anasugua na majivu, halafu makaa yaliyosagwa, halafu ndimu na chumvi ya kupikia, asubuhi na usiku. Mahari ilishatolewa, arusi imebaki wiki 8, mtu wa familia akampeleka kwa kabine moja ya mjini (sitaitaja) wakamwambia meno sita ya mbele yameoza, lazima kuyasaga yote sita na kuyafunika. Wakaanza na moja, jino kubwa la juu la kushoto, lile sisi kwa fishi (karatasi ya mgonjwa) tunaandika 21. Wakalisaga upande wa mbele, wakabandika kipande cha plastiki, siku mbili baadaye kikabanduka akiwa anakula bugali. Toka siku hiyo maji ya baridi anasikia “kama sindano inapanda mpaka mu jicho.”

Sasa tuangalie mdomo wenyewe. Nikamwomba asukutue, nikakausha meno ya juu na hewa, taratibu, na hapo kwenye kukausha ndo ugonjwa ulijitaja. Jino likiwa na mate unaona kahawia tu, umelaumu sigara au chai. Likikauka unaona mistari myembamba meupe imelala kutoka upande hadi upande, mmoja juu ya mwingine, kama nyuzi za kitambaa cha pamba, halafu mistari inaungana inakuwa mawingu, halafu juu ya mawingu ndo kahawia imekaa, na katikati kuna vishimo vidogo kama umedunga na ncha ya pini. Nikapitisha sonda, kile chuma chembamba cha kuchunguza jino, kwa kila kishimo: chini ni kigumu. Jino lililooza sonda inanasa, inaingia kwenye kitu laini. Hapa hapana. Tena ubavu wa kulia na wa kushoto vilifanana, jino kwa jino, kama mtu na kioo chake. Kuoza hakuna adabu hiyo, kunachagua jino moja hapa na lingine pale.

Nikavuta shavu nikaangalia nyuma kabisa, yale magego ya pili yanayotoka mtu akiwa na miaka 12 hivi. Meupe! Yana mistari kidogo ukitafuta, lakini kahawia hakuna. Nikajua sasa swali lenyewe ni lipi.

“Mama, huyu mtoto alikuwa anakunywa maji gani akiwa mudogo?”

Mama akanishangaa kidogo. “Maji ya mvua, Docta. Kule Sake tulikunywaka ya mvua ya ku mabati, ikiisha tunaenda ku chemchemi.”

“Mulihama wakati gani?”

“Mu 2009. Baba yao alipataka kazi huku Goma. Huyu alikuwa anakaribia miaka sita.”

Dada amezaliwa 2003, na hiyo hesabu inaeleza karibu kila kitu. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ililipuka tarehe 17 Januari 2002, halafu ziwa la moto likarudi kule juu ndani ya shimo na likabaki linachemka mpaka mlipuko wa Mei 2021. Miaka yote hiyo mlima ulikuwa unatoa moshi usiku na mchana, na jirani yake Nyamulagira akalipuka 2004, tena 2006. Ndani ya ule moshi kuna floridi pamoja na asidi nyingine, upepo mara nyingi unausukuma magharibi, yaani upande wa Sake na Masisi, mvua inaupitia, inaanguka juu ya mabati yenye majivu, inaingia bidoni, mtoto anakunywa. Na chemchemi za udongo wa volkano nazo zinabeba floridi yake. Shirika la afya duniani, OMS, linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Wale wa Arusha na Meru kule Tanzania watanielewa bila maelezo mengi, wao wana milima yao na meno ya kahawia hayohayo, mpaka pale Ngurdoto kuna kituo kizima kinachoshughulikia kuchuja floridi kwa makaa ya mifupa.

Sasa kwa nini meno ya mbele na si magego ya nyuma? Kwa sababu enameli, lile gamba gumu la nje, inajengwa wakati jino bado limejificha ndani ya taya. Jino kubwa la mbele linaanza kujengwa mtoto akiwa na miezi michache tu, linamaliza kwenye miaka 4 au 5. Gego la pili linamaliza kwenye 7 au 8. Floridi ikizidi wakati ule, protini za kujengea ambazo zilipaswa kuondoka zinabaki, madini hayajai vizuri, enameli inatoka na vitundu vidogo ambavyo jicho haliyaoni moja moja. Huyu dada meno yake ya mbele yalijengwa Sake mwanzo mpaka mwisho. Magego ya pili yalimalizikia Goma.

Kuna jambo mama alilisema bila kujua amenipa ushahidi mkubwa kuliko radio (picha ya eksirei): “Yalipotoka yalikuwa meupe sana, meupe kama chaki, nikafurahi. Kahawia ilikuja nyuma.” Ndiyo vile. Jino la floridi halizaliwi kahawia. Linatoka jeupe la kufifia, halafu vile vitundu vinanyonya rangi ya chai, maharage, mboga, kila kitu, miaka inapita, rangi inakaa chini ya uso ambapo brosi haifiki hata upige mpaka damu. Huko Marekani daktari mmoja wa meno, Frederick McKay, alifika Colorado Springs mwaka 1901 akakuta watu wengi wana meno ya hivi, akahangaika nayo miaka thelathini, na ni 1931 tu ndo kemia ilionyesha ni floridi ya maji. Kwa hiyo mama wa Sake kulaumiwa na majirani si ajabu, hata wasomi walichelewa.

Kabla ya kuandika kwa fishi nilitoa mengine kichwani. Tetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, inafanya mikanda ya kijivu au ya njano inayotoka ndani ya jino, na hakumbuki mtu kunywa dawa hiyo, wala rangi haikukaa vile. Ugonjwa wa enameli wa kurithi unashika mpaka meno ya utoto na unatembea ndani ya ukoo. Baba ni mtu wa Bukavu ana meno safi, na mdogo wa huyu dada, aliyezaliwa Goma, ana mistari myeupe hafifu tu. Jino lililoumia utotoni linakuwa moja, si kumi. Nikaandika: fluorosisi, yaani meno yaliyoharibiwa na floridi nyingi, kiwango cha 5 kwenye kipimo cha Thylstrup na Fejerskov, kile cha 1978 kinachotoka 0 mpaka 9. Tano ni pale vishimo vinaanza kuonekana.

Halafu matatizo mawili ambayo hayakuletwa na mlima, yaliletwa na watu. La kwanza ndimu na majivu: shingoni mwa jino la pembe la kushoto kulikuwa na mfereji, ufizi umerudi nyuma. La pili ni hilo 21 lililosagwa. Nikachukua radio, mzizi sawa, hakuna kivuli. Nikajaribu baridi: jino la jirani, 11, likasikia na kuacha mara moja. 21 likasikia kwa nguvu, akanishika mkono, nikahesabu, moja, mbili, mpaka sita, likatulia. Ingekuwa maumivu yanaendelea nusu dakika na zaidi ningeanza kuwaza kutoa nevu, mshipa wa fahamu wa ndani ya jino. Sekunde sita ni nevu iliyokasirika lakini bado inaweza kusamehe.

Sasa tufanye nini. Hapa niseme ukweli wa biashara yetu: kusaga meno sita na kuyafunika kunalipa vizuri kuliko nilichofanya. Mgonjwa mwenyewe anakuja anaomba hicho, amekiona kwa simu, arusi iko mlangoni, hakuna atakayekulaumu. Lakini ni binti wa miaka 21, meno hayajaoza hata moja, na jino likisagwa kuzunguka lote sehemu kubwa ya lile unaloliona inaenda chini na maji ya turbini, ile mashine ya kusagia, haikui tena, na kila kifuniko kitahitaji kubadilishwa siku moja, labda mara mbili tatu mpaka azeeke. Nikamchorea kwa karatasi. Nikamwambia tuanze na kinachochukua kidogo, tukishindwa tupande ngazi. Akauliza swali moja tu: “Na ile arusi, Docta?” Tukahesabu wiki pamoja. Zilitosha, kwa shida.

Kuhusu yule mwenzangu wa kabine nyingine, mama alitaka nimtukane kidogo, nikakataa. Niliandika kwa fishi nilichokikuta, kimepimwa, bila kivumishi hata kimoja. Usiku nikampigia simu. Alikasirika mwanzoni, “yeye njo alitaka,” halafu nikamuuliza alipitisha sonda kwenye vishimo, akanyamaza, akasema alikausha haraka na aliona nyeusi akajua ni kuoza. Sidhani alikuwa mwizi. Nadhani hakukausha jino vizuri na hakuuliza maji. Mimi mwenyewe saa chache kabla nilikuwa nimeuliza brosi, kwa hiyo sauti yangu haikuwa na mahali pa kupanda. Alimrudishia binti pesa ya jino la pili, lililokuwa limelipiwa lakini halikuguswa.

Wiki ya kwanza: kufunika 21 na simenti ya glasi ionoma ili nevu ipumzike, kusimamisha ndimu na majivu, brosi laini, dawa ya meno ya kawaida. Ndiyo, yenye floridi. Mama alishtuka hapo, “si floridi njo imeharibisha?” Swali zuri sana na jibu lake ni umri: enameli ya mtu wa miaka 21 ilishamaliza kujengwa, floridi inayopakwa juu sasa inamlinda na kuoza tu. Mtoto wa chini ya miaka 3 anawekewa kiasi cha punje ya mchele, toka 3 mpaka 6 kiasi cha punje ya njegere, na anafundishwa kutema.

Wiki ya pili: kukwangua. Kazi hii Croll na Cavanaugh waliieleza 1986, wao walitumia asidi hidrokloriki asilimia 18, mimi sina na sikuitaka mdomoni mwa mtu, nikatumia ile asidi ya fosfori asilimia 37 tunayotumia kila siku kwa kompozite (plastiki ngumu ya kujengea jino), nikaichanganya na unga wa ponsi mpaka iwe uji mzito. Ponsi ni jiwe la volkano, nilimwambia akacheka mara ya kwanza, “kumbe mulima njo inasafisha kenye ilichafua.” Unaweka diga, ule mpira wa kutenga meno na mdomo, vazelini kwenye ufizi, miwani kwa mgonjwa, halafu kikombe cha mpira kinachozunguka polepole, sekunde kumi kumi, unaosha, unalowesha jino, unaangalia. Ni lazima uliangalie likiwa limelowa, ukiliangalia kavu utaona ubaya ambao haupo utaendelea kukwangua mpaka ujute. Vikao viwili. Kahawia ya juu ikashuka sana, ile iliyozama ikabaki ya njano. Mwishoni nikapaka jeli ya floridi.

Wiki ya tatu mpaka ya tano: kung'arisha nyumbani usiku. Alginati ya kuchukua umbo la meno, modeli ya plasta, gutiere nyembamba inayokaa kwenye meno, jeli ya karbamidi peroksidi asilimia 10, tone dogo kwa kila jino, analala nayo. Njia ya zamani, toka 1989, na bado ndiyo naiamini kuliko taa za bluu za dakika arobaini. Siku ya tano saa moja asubuhi nikakuta wako mlangoni kabla yangu, yeye na kitambaa tena mdomoni. Meno yalikuwa na mabaka meupe yanawaka kama chokaa! Alilia. Kosa la pili la kwangu, nilipaswa kumwambia mapema: mwanzoni jeli inakausha jino na yale mawingu meupe yanang'aa kuliko jirani zake, halafu jino linanywa maji tena na sehemu nyingine zinapanda weupe, tofauti inapungua. Nikamwonyesha kwa kioo, nikamwachia mate yalowanishe, tukangoja robo saa tukaangalia tena, ikawa imetulia kidogo. Akakubali kuendelea. Baridi ikaanza kumsumbua, tukaruka usiku mmoja mmoja. Toka hapo kila mtu wa kung'arisha namwambia ya siku ya tano kabla hajatoka na gutiere.

Wiki ya sita na ya saba hatukufanya kitu, na huo ndio wakati mgumu kuliko wote kwa familia, kila mtu anapiga simu, munangoja nini, arusi inafika. Tulingoja oksijeni iliyoachwa na jeli itoke kwenye enameli. Ukibandika kompozite siku mbili baada ya kumaliza jeli haikazi vizuri, inabanduka, na huyu alishabandukiwa na kitu mara moja akiwa mezani.

Jumanne ya wiki ya nane ndo kompozite. Umeme ulikatika mara mbili, taa ya kukaushia ina betri yake, tukaendelea na tochi ya simu ya msaidizi. Jino 21 nikatoa simenti, nikajenga upande wa mbele kwa tabaka mbili, ya ndani nzito kuficha njano, ya nje inayopitisha mwanga, na pale juu nikachora mstari mweupe mwembamba sana kwa makusudi, kwa sababu jirani yake 11 anao, jino safi kabisa katikati ya jamaa zake linaonekana geni. Vishimo vya meno mengine nikaziba kwa kompozite laini. Baridi kwenye 21: sekunde mbili. Meno hayakuwa meupe ya kwenye matangazo. Yalikuwa meupe ya mtu, na mistari yake ya Sake ukikaribia sana.

Arusi ikawa Jumamosi, sikuenda, nilitumiwa picha. Niliangalia mikono kwanza. Hakuna kitambaa.

Miezi mitatu baadaye akaja kwa kontrole. 21 linaishi, radio safi, nimemwambia wazi jino lililosagwa linaweza kubadilika hata baada ya mwaka, likiuma usiku au likigeuka kijivu arudi siku hiyohiyo. Na hapo akanikumbusha lile sharti: niandike kwamba mama yake alimpigisha brosi toka meno ya kwanza. Nimeandika.

Mama alikuja naye siku hiyo, mgongoni amebeba mjukuu wa miaka miwili, mtoto wa kaka mkubwa, walikimbia Sake vita ilipofika kule mwanzoni mwa 2024, sasa wote wako nyumba moja hapa Goma na wanategea mvua kwenye sisterni. Akauliza akiyachemsha itasaidia? Haisaidii, maji yanapungua floridi inabaki, inazidi. Klori nayo inaua vijidudu tu. Nilimwambia kama anaweza mtoto anywe na kupikiwa maji ya rubine (bomba), ya mvua yabaki ya kufua na kuoga, siku mlima unamwaga majivu yale ya kwanza ya kwenye mabati yamwagwe, na maziwa ya mama yake asiachishwe haraka kwa sababu hayabebi floridi nyingi hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Akasema rubine inatoka mara mbili kwa wiki. Nikasema basi hizo mara mbili zijaze bidoni za mtoto kwanza.

Nikamfungua mdomo yule mdogo kwa kidole. Meno ya utoto meupe, lakini hayo hayasemi sana, yalijengwa sehemu kubwa akiwa tumboni. Ya mbele ya kudumu yatatoka akifika miaka 7 hivi. Nimemuandikia fishi yake mwenyewe, juu nimeandika: Sake, mvua, mpaka mwaka na nusu.